Chupa Nane za Maji

Jumatatu, 1 Juni 1908
Nimefukiza mtungi kwa ubani. Newala nzima hakuna maji kama yangu. Akida alipoyaonja alikunywa kata tano, akasahau shauri lililomleta.

Saidi, mtoto wa dada yangu, kaja. Mwalimu, mtu mzima mwenye ndevu. Mzungu wa Masasi anataka maji ya kila chemchemi ya chini ya mlima, chupa moja kila mahali. Saidi akiifanya vizuri kazi hiyo, atapelekwa Ulaya kwenye shule kubwa ya watu wazima, asaidie kupima mawe na maji. Mwisho naye ataitwa daktari.

Neno ni langu, mimi ndiye mjomba. Nimesema nitafikiri. Mzungu huyo anaitwa daktari na hana dawa hata ya kikohozi. Simwamini.

Alhamisi, 4 Juni
Dada kaja kunisema. Eti namfunga mwanawe kama mbuzi. Nimekubali ili aondoke.

Jumanne, 9 Juni
Saidi karudi, miguu imevimba. Sanduku la chupa liko kwangu mpaka keshokutwa. Kila chupa ina karatasi: jina la kijiji na jina la aliyemwonyesha maji. Nimezisoma zote. Nilisoma misheni miaka miwili, waliosoma miaka saba hawanifikii.

Vita ya Majimaji imekwisha juzi tu. Watu wamenyongwa kwa maji ya kunyunyiza. Leo Mzungu anakusanya maji, na majina.

Chupa ya sita ina jina langu, maana chemchemi ile nilimwonyesha mimi tangu utoto wake. Na kila mtu kanisikia nikisema risasi tatu zilinigusa zikawa jasho. Siku ile nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mihogo. Hilo halijui mtu.

Jumatano, 10 Juni
Saidi kaenda kuoga. Nimemwaga chupa zote, nikajaza maji ya mtungi wangu. Wapime sasa, wataona maji ya kunywa tu. Nimeokoa vijiji vinane na siwezi kumsimulia mtu. Hilo linaniuma.

Jumatatu, 15 Juni
Saidi kafukuzwa. Anasema Mzungu alifungua chupa, akazinusa moja moja, akaingia nazo hemani. Askari akatoka na jibu: maji yote ni ya mtungi mmoja, mwongo aende zake. Ulaya atapelekwa mtu mwingine.

Saidi hajui Mzungu alinusa nini. Mimi najua.

Kumbe, anasema Saidi, walitafuta maji yanapopita chini ya miamba, ili kichimbwe kisima huku juu, wanawake wasiteremke tena kufuata maji. Saidi anamshuku mpagazi aliyebeba sanduku. Nami nikasema ndiyo, wapagazi si watu. Nimesema hivyo kwa kinywa changu.

Jumamosi, 20 Juni
Nimefukiza mtungi. Saidi kapita, shikamoo, marahaba, akaomba maji. Ningeweza kusema hakuna. Nikamchotea mwenyewe.

Akaileta kata mdomoni, akasita. Akainusa. Akanitazama.

"Mjomba."

"Niliogopa," nikasema.

Neno hilo sijawahi kulisema mbele ya mtu. Saidi akanywa yote, akaifudikiza kata juu ya kifuniko cha mtungi. Nje alimkuta mama yake anajitwisha mtungi mtupu kwenda chemchemini. Akaupokea, akaushika kwapani kama asiyejua kazi ile, akateremka nao mlimani. Wanawake walimcheka njia nzima. Nimewasikia mpaka sauti zao zikaisha.