Pesa Iliingia, Cherehani Ikatoka

KITUO CHA POLISI, VILLA SANTA RITA, EL ALTO
Maelezo ya shahidi, yaliyoandikwa Jumatatu tarehe 20 Mei 2024, saa tatu asubuhi

Jina: Hortensia Callisaya Yujra
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi cherehani, mshonaji wa marinda
Makazi: Villa Santa Rita, barabara ya nne, nyumba yenye lango la bluu

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikukamatwa. Naomba hilo liandikwe kwanza, kwa sababu mtaani kwetu wanasema mengine.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Mei nilitangaza cherehani yangu ya kiwandani kwenye soko la mtandaoni kwa boliviano 3,200. Macho yangu hayaifuati tena kasi ya sindano yake. Picha alipiga mpwa wangu Maribel, naye akanionya, "Shangazi, mtu akikutumia picha ya risiti usiiamini, hata mimi natengeneza. Fungua akaunti, uzione pesa kwa macho yako, ndipo utoe mashine." Nilimsikiliza, maana mtoto huyu ana akili kuliko ukoo mzima.

Siku iliyofuata alinipigia mtu aliyejiita Wilmer. Hakuomba kupunguziwa bei hata kidogo. Hapo ningepaswa kushtuka, kwani mtu wa El Alto asiyebishana bei bado hajazaliwa. Alisema yuko kazini, atatuma teksi ichukue mzigo. Nikamtumia kile kipicha cha mraba cha kupokelea pesa cha benki yangu. Saa tisa na dakika kumi alasiri pesa ziliingia, zote. Nilifungua akaunti nikaziona, kama nilivyofundishwa. Ila jina la mtumaji lilikuwa Eleuterio Colque.

Nikamwuliza Wilmer, "Huyu Colque ni nani?"

"Baba mkwe wangu huyo, mama. Pesa anazo yeye, mimi nina mdomo tu."

Nilicheka. Nikasema moyoni pesa ni pesa, jina la nini. Teksi nyeupe ikaja, kioo chake cha nyuma kimepasuka na kuzibwa kwa plastiki. Dereva, kijana mwenye kovu kwenye nyusi, alipakia cherehani akaondoka. Namba ya gari sikuitazama.

Jumapili tarehe 19 Mei, kama saa nne asubuhi, nilikuwa namenya viazi vya supu lango likagongwa kwa ngumi. Alikuwa mwanamume wa makamo na mkewe, wamebeba kamba za kufungia mzigo.

"Mimi Eleuterio Colque. Tumetoka Oruro tangu alfajiri, tumefuata cherehani."

Nikamwambia, "Si mkwe wako alishaichukua?"

"Mkwe gani, mama? Sina binti mimi! Mpwa wako Wilmer kaniambia nimlipe shangazi yake Hortensia, mashine niifuate leo."

Akanionyesha tangazo la huyo Wilmer. Picha zilikuwa zangu, hata kikombe changu cha chai kilionekana mezani, na kipicha cha mraba alichotumiwa alipie kilikuwa kilekile changu. Nikaapa kwamba Wilmer simjui, wala sijawahi kumwona. Tukapiga namba yake, haipatikani. Ndipo mke wa Colque akatoka barabarani na kupaza sauti, "Mwizi! Huyu mama ni mwizi!"

Afande, wewe unajua neno hilo kwetu linaishia wapi. Filimbi za ulinzi zilipulizwa pembe zote, na kabla sijafunga lango watu walishajaa. Kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba yangu yupo yule mdoli wa matambara tuliyemtundika kwa kitanzi, na kibao kifuani: mwizi akishikwa atachomwa. Suruali yake niliishona mimi, na nilishona nikicheka. Jana sikuweza kumtazama. Nikasikia mtu anauliza, "Nani ana petroli?" Sura yake sikuiona, lakini sauti naijua, ni ya mtu ninayemshonea nguo. Nilijikojolea, afande, na sioni haya kulisema.

Jirani yangu Saturnina Poma alisema, "Jamani, mwacheni ajieleze kwanza!"

Mtu akamjibu, "Mlinda mwizi naye mwizi." Saturnina akarudi nyuma.

Nikatoa simu. Nikakosea namba ya siri mara mbili. Nikamrudishia Eleuterio Colque boliviano zake 3,200 mbele ya watu wote. Alipoziona zimeingia alivua kofia, akaninong'oneza, "Mama, nadhani tumechezewa wote wawili." Nilimsihi aseme kwa sauti. Mkewe alimvuta mkono wakaondoka.

Aliyesema kwa sauti ni mwenyekiti wetu wa mtaa, Fausto Apaza: "Mmeona? Karudisha! Asiye na hatia atarudisha pesa kwa nini?"

Nimepewa hadi mkutano wa mtaa wa Jumapili ijayo niwe nimempata Wilmer, la sivyo nihame. Wengine walisema kuhama ni huruma mno. Cherehani sina, pesa sina. Nilirudisha ili nisiuawe, na huko kurudisha ndiko kulikonitia hatiani. Leo asubuhi muuza mkate alipita langoni kwangu bila kunisalimia.

Naomba mtafute ile teksi. Namba ya simu ya Wilmer nimeikabidhi. Naogopa sana.

Nimesomewa yote niliyoyasema hapa, nami nakiri ni kweli tupu.

(Sahihi) H. Callisaya Y.

Dokezo la afisa: Maelezo yamepokelewa na kusomwa mbele ya shahidi. Shahidi aliomba kusindikizwa nyumbani. Gari lilipoletwa alikataa kupanda, akisema majirani wakimwona anashuka kwenye gari la polisi hawatangoja Jumapili. Ameondoka peke yake, kwa miguu.

Koplo Nelly Ticona