Khamnoi Alivyopanda Chumba cha Kivuli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha wilaya, mkoa wa Lampang

Jina: Bualai Wongmun
Umri: miaka 63
Kazi: kuuza maua na ubani kwenye lango la hekalu la Mon Sai
Makazi: nyuma ya hekalu hilo

Mnamo Jumamosi tarehe 16 Novemba, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye meza yangu langoni. Basi la wageni kutoka Bangkok lilikuwa limeshusha watu. Kama kawaida, wanaume walipanda kwenye chumba cha kivuli, wake zao wakabaki chini kuwashikia viatu. Mle ndani mlango ukifungwa, mwanga hupenya kwenye tundu na kuuchora mnara mzima wa dhahabu juu ya kitambaa, kichwa chini miguu juu. Hivyo ndivyo ninavyosimuliwa. Mwanamke haruhusiwi kupanda. Nimeuza maua pale tangu usichana wangu na sijawahi kukiona hicho kivuli chenyewe.

Jirani yangu Khamnoi, miaka 71, ambaye hufagia ua wa hekalu, aliegemeza ufagio kwenye meza yangu. Akasema, "Bua, leo napanda."

Nikamwambia, "Dada, acha wazimu. Si nilikuonyesha picha ya hicho kivuli kwenye simu?"

"Picha ni ya mwenye simu. Daktari kasema mwaka hauishi, macho yangu basi. Nangoja nini, ruhusa ya mzee Insorn?"

Wanaume walipoteremka wote, alivua kandambili, akapanda, akajifungia. Hakuna aliyemzuia, maana bawabu alikuwa amekwenda kula tambi. Mzee Insorn, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, anadai Khamnoi alimsukuma bawabu na kuvunja komeo. Si kweli. Komeo hilo lilivunjika sikukuu ya mwaka mpya, na tangu hapo mlango unafungwa kwa kamba. Haya nimekwisha kuyasema kwa maafisa watatu, na kila mmoja ananiuliza kama nina hakika. Ninayo.

Mzee Insorn alikuja mbio, nami nikamfuata mpaka chini ya ngazi. Akapanda, akaugonga mlango kwa ngumi. "Toka, mwanamke! Unatutia mkosi kijiji kizima!"

Nikamwuliza, "Mzee, hekalu hili analifagia nani? Akishika ufagio huo mkosi hauonekani?"

Akanijibu, "Tangu lini muuza maua akawa wakili?"

Wageni walianza kutupiga picha. Niliona aibu, kisha hasira, na hasira yenyewe haijaniisha mpaka sasa.

Khamnoi alitoka, akateremka akipapasa ukuta. Alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bua, nimekikodolea kitambaa mpaka basi. Cheupe tupu. Kuna wingu huko nje, au ni haya macho?"

Nikamwambia, "Wingu, dada. Limetanda kote."

Akacheka. "Basi nitarudi siku ya jua." Mzee Insorn alimsikia, ndiyo maana ameleta kesi.

Afisa ameniuliza hali ya hewa ilikuwaje. Nimeapa kusema kweli. Jua lilikuwa kali, na angani hapakuwa na hata wingu moja. Mnara ulimetameta hata sikuweza kuutazama.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Naomba Khamnoi asisomewe sehemu hii ya mwisho.

Sahihi ya shahidi: Bualai Wongmun

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akakiri ni sahihi. Nimeyasoma kwa sauti ya chini, kwa kuwa mshukiwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango.
Sajini Thanet Chaiwan