Mashine Uliyoizika Chini ya Jiko

Baba,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba neno lolote la barua hii lisitoke kwako. Hata Bibi usimwambie. Bila shaka umemkuta huko, na unajua hajawahi kunyamaza na jambo. Huku anayejua yote ni mimi peke yangu.

Tumeipata mashine ya mtumbwi.

Ulituambia ilizama katika ziwa la Nzilo pamoja na mtumbwi wenyewe. Mama alikaa kama mtu aliyefiwa. Mimi nililia kwa ajili ya lile gurudumu zito uliloniachia nilizungushe, mkono wako juu ya wangu, ukisema, "Polepole. Huyu ni mzee, hakimbizwi." Kumbe ulikuwa umeizika uani, Baba. Chini ya jiko.

Tangu uondoke mtaa mzima unachimba, wengine mpaka vyumbani. Mvua ilipoosha udongo nyuma ya jiko, ukatokea ukijani. Mama hakuuliza mara mbili, maana nani hapa Kolwezi hajui kwamba kijani ni malakiti, na malakiti ni shaba? Akakubaliana na Trésor, kijana mchimbaji kutoka Kasai, na wenzake, kama ilivyo desturi: nusu ya kinachotoka ni yao, nusu ya mwenye kiwanja. Waliufuata ule ukijani chini, chini, mpaka sururu ikagonga chuma.

"Mama, malakiti yako iko na piston!" Trésor aliita kutoka shimoni, na wenzake wakacheka mpaka wakakaa. Mama hakucheka. Alilitambua gurudumu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Walitaka kuikata na kuiuza kwa uzito. Nilimwomba Trésor, anayeniita kwa kazi yangu ya ofisini, aningoje.

"Karani, unangoja nini? Huyu mugonjwa hatapona."

Lakini alingoja.

Kibao cha mtengenezaji hakipo, yamebaki matundu mawili ya ribiti. Niliisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki, bila msasa. Silinda ni moja, na imezungukwa na koti la maji la shaba. Hilo ndilo lililooza likatia udongo rangi. Haina mahali pa buji, ile plagi ya kuwashia. Kuna kijiti kidogo kinachoingia ndani ya silinda na kutoa cheche chenyewe. Ubavuni mna herufi tatu, na ukingoni mwa gurudumu mna namba. Kazini, wakubwa wakienda kula, nilitafuta kwenye kompyuta, picha baada ya picha. Zote zilifanana nayo, wala hakuna iliyokuwa yenyewe. Mwishowe nikampata mzee mmoja wa Ulaya anayekusanya mashine za zamani za ndani ya mashua. Nilimtumia picha. Alijibu kwamba aina hii ameiona kwenye mchoro tu, na karakana iliyoitengeneza ilifungwa kabla yeye hajazaliwa. "Msiikate," aliandika. "Niambie tu kwamba bado ni nzima."

Nilisoma mara mbili. Ndipo nikakumbuka miaka ile malori ya wanunuzi wa vyuma yalipopita, hata mabomba ya msikiti yakang'olewa. Hukumwambia Mama kwa sababu asiyejua hawezi kubanwa aseme. Nadhani ni hivyo. Sina wa kumuuliza.

Nikafanya patano, Baba, kwa jina lako, mbele ya majirani wawili: mashine ibaki kwetu, na chochote kingine kitakachotoka shimoni kiwe cha vijana chote. Nilijiona mwerevu. Nilidhani ukijani wote ni kutu ya lile koti la shaba, sasa shimoni kungebaki nini?

Jana walishuka tena. Chini ya pale ilipolala mashine, ukijani uliendelea. Jiwe lenyewe, mshipa mnene kama paja. Trésor alinionyesha kipande, wala hakucheka. "Karani, patano ni patano," alisema, akiangalia pembeni.

Mama bado hajajua. Asubuhi aliniuliza nusu yetu itaanza kutoka lini, nikasema nachelewa kazini.

Ulipochimba, uliliona lile jiwe? Ulilifunika makusudi? Ninakaa na swali hili mezani na kalamu haiandiki hesabu.

Kesho, tukishamaliza kuswali alfajiri, nitamwambia Mama mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwa jirani. Atakalosema nitalipokea. Na mashine sitaiuza, hata yeye akinitaka niiuze. Hilo nakuahidi wewe. Lala salama, Baba. Mungu akupanulie kaburi.

Ukiwa na jibu, njoo usingizini kwangu, si kwa Mama, moyo wake haujapona. Nimehamia chumba cha mbele, mashine iko kando ya kitanda, imefunikwa blanketi lako. Pitia barabarani, mlango nitauacha bila komeo. Usipitie uani. Jiko halipo tena, na shimo limefika ukutani.

Mwanao