Mawe ya Tabaka Kwenye Bwawa la Bwana Makori

Ijumaa, Kisii. Mvua ya mawe imepiga saa nane, sasa kumetulia na kuna baridi.

Jua limebakiza muda mfupi lizame. Sabato ikiingia nitaweka kalamu chini, kwa hiyo naandika haraka, kucha zikiwa bado na matope.

Leo nimeogopa mpaka nikachoka kuogopa.

Chanzo ni mdomo wangu mwenyewe. Mwezi uliopita Bwana Makori, mkuu wa ofisi yetu, alilalamika kwamba bwawa la bustanini kwake, aliloachiwa na Mzungu aliyekaa nyumba ile kabla ya Uhuru, limegeuka kijani na samaki wanahema juujuu. Mimi, karani wa miezi mitano, ambaye hata nikikanyagwa sisemi, nikasema shuleni tulifundishwa jinsi kinamasi kinavyochuja maji. Unachimba shimo kando ya bwawa, unalijaza changarawe, unapanda matete juu yake. Maji ya mfereji yanaingilia chini, yanapanda polepole kati ya mawe na mizizi, yanamwagikia bwawani yakiwa safi.

"Basi lijenge," akasema. "Nikiona unamaliza unachoanza, nitaandika barua ya kukuthibitisha kazini."

Nikachora kwa rula. Nikapima kina mara nne. Mzee Ondieki, mtunza bustani wake, akachimba nami, tukalaza chini mwanzi mrefu uliotobolewa matundu wa kupitishia maji. Changarawe niliifuata kijiji cha Tabaka, kwa wachongaji wa vinyago vya mawe: vile vipande wanavyotupa, vimelingana kama vilivyochaguliwa. Nilijiona mwerevu sana.

Jumatano tukafungulia maji. Kufika jioni bwawa zima lilikuwa jeupe. Mawe yale ni laini, yanatoa unga.

"Karani, umewapikia samaki uji," Mzee Ondieki akasema. "Sukari utatia saa ngapi?"

"Mzee, ulijua?"

"Mimi ni mtu wa Tabaka. Nitakosaje kujua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliniambia nishike koleo, nikashika koleo."

Tulifunga mfereji. Jana nilijificha nyuma ya mafaili na kuharibu barua tatu kwenye taipu. Bwana Makori alikuwa safarini Nyamira, arudi leo jioni. Na niandike ukweli hapa, kwa kuwa hakuna mwingine nitakayemwambia: nilifikiria kusema kwamba Mzee ndiye aliyeleta mawe yale. Nilikwisha kuyapanga hata maneno. Nani angemsadiki yeye badala yangu?

Asubuhi niliomba ruhusa ofisini, nikaenda moja kwa moja bustanini. Samaki wawili walikuwa wamekufa. Mzee alikuwa amewafukia migombani.

"Mzee, nifundishe," nikasema. Maneno mawili tu.

Hakunicheka. Alinipeleka mtoni, tukachota changarawe ngumu, nyeusi, tukaiosha ndani ya kikapu kama mama zetu wanavyoosha nafaka ya wimbi kabla ya kuisaga, ili mchanga ujitenge. "Ila leo tunatupa unga, tunabaki na mawe," akasema. Kila kikapu alikipima kwa kikombe cheupe: anatia konzi moja ya changarawe, anamimina maji, anatikisa. Usipoona kitako cha kikombe kupitia maji, unarudia kuosha. Mimi nilirudia mara nyingi kuliko yeye.

Tuliondoa vipande vyote vya Tabaka. Mawe makubwa tukayaweka chini, madogo juu, halafu matete. Maji meupe tukayatoa bwawani karibu yote. Mvua ya mawe ilitukuta shimoni na hatukutoka.

Saa kumi tukafungua mfereji, maji mapya yakapanda kati ya matete na kuanza kumwagikia bwawani. Kwanza yalikuwa na vumbi kidogo. Baadaye niliona mgongo wa samaki, halafu mkia, halafu kivuli chake kwenye sakafu ya bwawa.

Ndipo Bwana Makori akaja, bado na koti la safari.

"Vizuri," akasema. Halafu akageuka. "Lakini mama watoto ameniambia hapa palikuwa peupe kama maziwa. Ondieki, umefanya nini na bwawa langu?"

Mzee akavua kofia. Akatazama chini. Hakunitaja.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote.

"Ni mimi, Bwana," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mawe mabaya niliyaleta mimi. Haya mazuri ameyachagua Mzee. Na samaki wawili wamekufa."

Alifunga vifungo vya koti. "Jumatatu, saa mbili, ofisini kwangu," akasema, akaingia ndani.

Sijui ataandika barua gani. Huenda Jumanne nitakuwa nimerudi Marani kwa baba, na sanduku langu. Lakini sijutii hata neno moja.

Mzee amesema Jumapili kuna matete ya kuongezea upande wa mfereji. Nimemwambia nitakuja. Na Jumatatu nitaugonga mlango wa Bwana Makori kabla ya saa mbili, nisimpe nafasi ya kuniita.