Shauri la Kumhasi Radi

Guangzhou, 8 Machi 1998

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ina unyevu, nguo zinakaa siku tatu kambani bila kukauka. Goti lako linaendeleaje? Na Mama bado anakohoa?

Baba, nina jambo la farasi, na kwa farasi sina mwingine wa kumuuliza. Chuo kimenipeleka kufanya mazoezi ya udaktari wa mifugo kwenye mabanda ya uwanja wa mbio wa hapa. Kuna dume mmoja mweusi wa miaka minne, jina lake kwa Kichina maana yake Radi. Ungemwona! Akitolewa asubuhi, watu huweka ndoo chini wakamtazama. Mita mia tano za kwanza hakuna wa kumfikia. Kisha ghafla anaharibika: anarusha mateke, anang'ata, na mwezi uliopita alimwangusha mpandaji akavunjika bega.

Mkufunzi wake, Bwana Ou, anataka ahasiwe ili atulie. Mwenye farasi ni Bwana Liang, laoban, ndivyo wanavyomwita tajiri huku, mwenye duka la jumla la viatu kwenye soko la Liuhua. Yeye hataki kusikia; anataka Radi amzalishie. Walibishana mpaka profesa wangu akasema, "Ndinda anamsafisha kila siku na hajang'atwa. Mwisho wa Aprili yeye atatuambia."

Nisamehe kukuandikia mambo kama haya, mimi binti yako. Lakini umekuwa saisi, mtunza farasi, miaka thelathini na moja. Ungekuwa wewe, ungesemaje?

Mwanao,
Ndinda

Kangundo, 2 Aprili 1998

Mwanangu Ndinda,

Barua imefika, tukafurahi. Huku hatujambo. Kikohozi cha Mama kimepungua. Goti ni lile lile. Usione haya. Nimeishi na farasi kabla hujazaliwa.

Nimeisoma barua yako mara nne. Miaka yote ile pale uwanja wa mbio wa Ngong Road nilifunga tandiko, nikachana singa, nikakimbia kumwita daktari, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza farasi afanyiwe nini. Wewe ndiye wa kwanza.

Basi nakujibu: usikubali. Tulikuwa na dume aitwaye Askari. Wakamhasi kwa ajili ya ukali. Ukali ukaisha, na mbio zikaisha. Akawa anasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Siku ile mimi ndiye niliyemshika.

Ila kabla ya kunisikiliza mimi, msikilize yeye. Mkimbize kwa kamba ndefu, mzungushe kushoto, kisha kulia. Tazama miguu ya nyuma, sikiliza kwato. Farasi mkali na farasi mwenye maumivu wanafanana usoni.

Baba yako

Kangundo, 19 Julai 1998

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mwezi wa tano umepita, wa sita umepita, barua hakuna. Mama anasema nilikuandikia kama mtu anayetoa amri. Kama ndivyo, nisamehe. Andika hata mstari mmoja, hata kama farasi amekufa.

Baba yako

Guangzhou, 30 Agosti 1998

Baba mpendwa,

Mimi ni mzima, na naomba radhi kwako na kwa Mama. Sikukosa wa kumpa barua akuletee. Bwana Othman wa Mombasa amekuja kununua mizigo mara mbili, na kila alipokuwa anarudi alinipitia. Niliogopa. Radi amehasiwa, Baba, na mimi ndiye niliyesema ahasiwe.

Nilifanya ulivyoniambia. Kushoto alikwenda vizuri kabisa. Kulia, alipoanza kwenda shoti, mguu wa nyuma ulifupisha hatua, na kwato moja ikachelewa. Siku tatu, hivyo hivyo. Nikampapasa kinenani. Hakuning'ata, alitetemeka tu. Korodani moja haikushuka sawasawa, imekwama juu, na kila akikunjua miguu inabanwa.

Nilipowaambia, Bwana Liang aliruka: "Bu xing! Haiwezekani!"

Nikasema, "Laoban, huyu si mkali, anaumia. Na watoto wake wanaweza kuirithi kasoro hii."

Akaniuliza, "Angekuwa wako?"

"Angekuwa wangu, ningemhasi kesho."

Akaondoka. Siku ya pili yake akarudi, akasema, "Sawa. Lakini umkate wewe."

Nilimkata mimi, profesa amesimama begani kwangu. Kwa wiki mbili Radi alisimama akitazama ukuta, nyasi anazigusa tu. Kila nikimtazama namwona Askari wako. Ningekuandikia nini?

Jumapili iliyopita amekimbia. Mita mia tano zikapita, mia nane, elfu, bila teke hata moja. Alitoka kwenye kona ya mwisho amejinyoosha mwili mzima, Baba, sijawahi kuona kitu kizuri vile. Alikuwa wa tatu kati ya kumi na mmoja. Bwana Liang alipiga kelele huku analia, ungedhani ameshinda.

Nilikwenda kinyume cha neno lako. Niambie kama umekasirika.

Mwanao,
Ndinda

Kangundo, 21 Septemba 1998

Daktari wangu,

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu, na Mama ameanza tena kwenda shambani.

Kukasirika? Nilipanda na barua yako mpaka kwa Kariuki, tuliyefanya naye kazi mabandani, nikamsomea. Nilipofika kwenye mguu wa nyuma akanishika mkono, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza ni nani aliyekufundisha. Nikataka kusema ni mimi. Sikuweza. Mimi nilikuambia usikilize, lakini jibu nilikuwa nimekwisha kukupa. Wewe ulisikiliza kweli, halafu ukasimama mbele ya matajiri ukasema ulichokiona.

Nimekosea, mwanangu, na sijawahi kufurahia kosa langu namna hii. Mama amechoka kunisikia nyumba nzima: Ndinda alisikia kwato moja ikichelewa! Masikio yangu yamesikia kwato maisha yote, na hiyo moja sijui kama ningeisikia.

Baba yako