Mate ya Waruguru

Theta, 3 Februari 2025

Tabby mtoto wangu,

Jua la Ruiru halijakumaliza? Sisi tuko, Mungu anatushikilia. Kiama uliyemtuma ameleta kichupa chako cha mate. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu mdogo wako Waruguru huisoma yote.

Hebu niambie, mate yake mnataka ya nini? Hao wakubwa wako watayauza wapi? Kina Kitheka, mchumba wake, wanaleta ruracio, mahari yenyewe, mwezi wa nne. Wakisikia bibi harusi anapimwapimwa, nani atabaki? Vidole vimefura kidogo tu, ni kufua.

Mami

Ruiru, 9 Februari

Mami, habari za nyumbani? Mimi niko poa, ni kazi tu.

Hakuna anayeuza mate. Tunalinganisha jeni za watu wengi kwa kompyuta, hizo tunazorithi kwa wazazi, tukitafuta zile zinazounganisha homoni za kike na kinga ya mwili. Kuna magonjwa ambayo kinga hugeukia mwili wenyewe, na wanawake ndio huumia zaidi. Vidole kufura na uso kuwasha akikaa juani, hiyo si kufua. Waruguru mwenyewe amekubali, na mimi nimetoa yangu.

Lakini kompyuta si daktari. Mpeleke hospitali ya Thika aonwe sasa, na asianze tembe za kupanga uzazi, zina homoni hizo, kabla hajaonwa. Ugonjwa huu hula figo ukiachwa.

Mtoto wako, Tabby

Theta, 16 Februari

Salamu. Kichupa hicho, Kiama anakuja nacho. Sasa umefurahi? Hospitali ni baada ya ruracio. Na usiambie mtu, hata Idah wa kanisani kwenu.

Mami

Ruiru, 30 Machi

Mami, natumai umeamka vizuri.

Nimenyamaza kwa sababu nilirudia hiyo kazi, sikuamini. Mate hayo si ya Waruguru. Ni ya mwanamke aliyenizaa, kompyuta haiwezi kukosea hapo. Na jeni tunazozishuku zimo.

Mbona siku hizi hupondi viazi vya irio mwenyewe? Mikono yako iko aje?

Tabby

Theta, 6 Aprili

Tabby,

Sisi hatuko wazima, sitakudanganya tena. Ndiyo, nilimwaga yake nikatema yangu. Nilitaka uone hakuna kitu, uache kutusumbua.

Jana wakwe walikuja. Waruguru akawapelekea uji kwa kibuyu, mkono ukakataa. Nikakimbia kukidaka, na wangu ukakataa. Uji wote chini, mbele ya watu. Nikangoja wainuke waende. Ndunge, mamake Kitheka, akachukua tambara akapanguza, kisha akaniuliza polepole, “Mnaumwa tangu lini?” Nililia kama mtoto.

Kiama anakuletea hii leo leo. Kesho tunaenda Thika sote wawili. Waruguru ameniuliza ugonjwa huu ameutoa wapi, nikajifanya sijasikia. Naogopa atanichukia. Njoo ukae katikati yetu hapo kwa benchi, ndio niweze kumwambia ameutoa kwangu.

Mami wenu