Kwa Yunis, Aliyefunga Vilemba Kitandililo

Hukuwa na duka, Yunis. Hukuwa na kibao mlangoni, wala cheti, wala kioo cha kumtosha mtu mzima. Ulikuwa na kopo la pini na vidole vyako, na kila Jumamosi wanawake wa Kitandililo walijaa barazani kwetu.

Leo umetimia mwaka mmoja tangu ulipotutoka, mke wangu.

Uliwafunga vilemba wote, mwenye kitenge kipya na mwenye khanga iliyopauka. Wasichana walikuja na picha za mitindo kwenye simu. Ulizitazama mara moja, ukafunga vizuri kuliko picha.

"Mama Rejoice, kaza, kesho kanisani kuna upepo!" walikuambia.

Mimi nilikaa ndani na daftari langu la masomo ya jioni, nikisoma mstari uleule. Ulichungulia dirishani: "Baba Rejoice, unaonea wivu vitambaa?"

Nilikataa. Lakini niliona wivu kweli. Vichwa vyote vile vilipata mikono yako, mimi nikasubiri.

Zaidi ya wote nilimwonea wivu Dorosela, jirani yetu, uliyemfundisha mkunjo wako mwenyewe, wa fundo nyuma ya sikio la kushoto. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi alikuja kanisani ameufunga. Nilimsimamisha mlangoni.

"Fungua hicho. Ni cha mke wangu."

"Baba, kitambaa ni changu."

"Mkono si wako."

Alikifungua mbele ya watu, akaondoka kichwa wazi. Hakukanyaga tena kwetu. Sasa anaishi Ludewa.

Mwezi ujao tunamuaga Rejoice, anaolewa Njombe. Anataka kilemba kama chako, na anayekijua ni Dorosela peke yake. Nilijaribu mwenyewe kumfunga, maana sijawahi kushindwa kujifunza kitu. Kikaporomoka mpaka puani pake. Mtoto akacheka, kisha akalia. "Baba, mwandikie."

Nimemwandikia. Nimekiri kwamba nilimkosea, nikamwomba aje. Wivu haujaisha, wewe unanijua. Ila siwezi kumtoa binti yako nyumbani bila alama ya mkono wako.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, Nathanieli Mlowe. Wanao Elius na Rejoice. Dada yako Emilia wa Mdandu. Wajukuu, na akina mama wote uliowafunga. Hatutakusahau maisha yetu yote.

Asubuhi hii nimeifunga bahasha kwa gundi, nikamkabidhi kondakta wa basi la Ludewa. Nimesimama stendi ya Makambako mpaka basi likaondoka.